Grafini Haibadilishwi Bure

Tangu mwaka 2004, grafini ilipotenganishwa na kupimwa tabaka moja moja, jina lake limetumika kunadi bidhaa za kila aina, kuanzia raketi za tenisi na rangi za kuzuia kutu hadi barakoa na vichujio vya maji, na karibu kila tangazo hurudia sifa zilezile: kwamba ni imara kupita chuma cha pua, kwamba hupitisha umeme kupita shaba, na kwamba wembamba wake hauna mfano. Sifa hizo zina msingi wa kweli, lakini ni sifa za karatasi safi ya kaboni isiyo na doa, ilhali kinachotiwa ndani ya rangi, dawa au kichujio ni karatasi iliyokwisha kurekebishwa kikemia, mara nyingi kwa kiwango cha kuifanya iwe dutu nyingine kabisa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba urekebishaji huo ni biashara ya kubadilishana, ambamo kila kifungo kipya kinachofungwa juu ya karatasi ya kaboni hununua sifa moja kwa kulipia nyingine, na kwamba udhaifu mkubwa wa fani hii hautokani na uhaba wa mbinu bali na desturi ya kutangaza kilichonunuliwa huku kilicholipwa kikinyamaziwa.

Ili hesabu hiyo ieleweke, inafaa kuanza na umbo. Grafini ni tabaka moja la atomi za kaboni zilizopangwa katika pembesita zinazoshikana kama sega la nyuki, ambapo umbali kati ya atomi mbili jirani ni nanomita 0.142, nanomita ikiwa ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Matabaka ya namna hiyo yakirundikana, kila moja likiwa umbali wa takriban nanomita 0.335 kutoka kwa jirani yake, hufanya kinywe, yale madini meusi yenye utelezi ambayo hutiwa ndani ya penseli. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester waliyabambua matabaka hayo kwa selotepu ya kawaida mpaka wakafikia moja, na mwaka 2010 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia nchini Marekani waliisukuma karatasi hiyo kwa ncha nyembamba sana na kukuta kwamba ugumu wake, yaani jinsi inavyokataa kunyumbuka, ni takriban gigapaskali 1,000, na kwamba haikatiki mpaka mkazo unapokaribia gigapaskali 130. Tarakimu hizo mbili ndizo ambazo matangazo huzikopa bila kutaja mwenyewe.

Asili ya sifa hizo imo katika elektroni ya nne. Kila atomi ya kaboni ina elektroni nne za kufungia. Katika grafini, tatu hutumika kuifunga atomi na majirani wake watatu walio kwenye bapa moja, na vifungo hivyo ndivyo vinavyoipa karatasi uimara, wakati ile ya nne hutanda juu na chini ya bapa, ikachangamana na elektroni za nne za atomi nyingine zote hata likapatikana wingu moja lililoifunika karatasi pande zote mbili, nalo ndilo linalopitisha umeme. Karatasi ya namna hii haina atomi yenye njaa ya kutafuta mwenzi, na kwa sababu hiyo haielei ikatulia ndani ya maji, haishikani barabara na plastiki, na ikiachwa katika kimiminika matabaka yake huvutana yakarudi kuwa kinywe. Uzuri wake na ukaidi wake vinatoka katika chemchemi moja, kwa hiyo haiwezekani kuuondoa ukaidi bila kuugusa uzuri.

Jambo linalotokea kifungo kipya kinapofungwa ni hili: elektroni ya nne ya atomi husika huondolewa katika wingu na kutumika kumshika mgeni, awe oksijeni, hidrojeni, florini au molekuli kubwa zaidi. Atomi iliyokuwa na majirani watatu katika bapa sasa ina wanne, nayo huinuka kidogo kutoka katika bapa, kama kitambaa kilichosukumwa kwa ncha ya kidole kutoka chini, huku wingu la elektroni likibaki na tundu ambalo umeme sharti ulizunguke. Matundu machache huvumilika. Yakizidi, njia hukatika na kipitishi hugeuka kihami. Watafiti wa Manchester walilithibitisha jambo hilo kwa mifano miwili ya kupindukia. Mwaka 2009 waliivika grafini hidrojeni wakapata grafani, dutu isiyopitisha umeme kama zamani, ambayo hata hivyo hurudishiwa sehemu kubwa ya sifa zake inapopashwa joto na hidrojeni ikatoka. Na mwaka 2010 waliivika florini wakapata kihami kilicho thabiti hata katika joto la mamia ya nyuzi. Karatasi ni ileile na atomi za kaboni ni zilezile, lakini kilichofungwa juu yake kimeamua tabia yake yote.

Ukubwa wa kipande nao huingia katika hesabu, na hapa ndipo neno "nano" linapopata uzito wake halisi. Atomi za ukingoni, ambazo hazina majirani watatu wa kaboni, hukubali wageni kwa wepesi kuliko za katikati, na kadiri kipande kinavyopungua ndivyo kingo zinavyochukua sehemu kubwa zaidi ya mwili wake. Kipande chenye umbo la pembesita na upana wa takriban nanomita 50 kina atomi za kaboni zipatazo 60,000, ambazo 600 kati yake, yaani asilimia 1, ziko ukingoni zikiwa na nafasi ya kufungiwa kitu. Kikipunguzwa hadi nanomita 5 hubaki na atomi zipatazo 600, na 60 kati yake, yaani asilimia 10, ni za ukingoni. Na kikifika kwenye molekuli ya koronini, yenye kaboni 24 tu, nusu nzima ni ukingo. Idadi ya matabaka nayo ina athari kubwa: kazi iliyofanyika katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts na kuchapishwa mwaka 2010 ilionyesha kwamba tabaka moja humenyuka na chumvi za diazoniamu, ambazo hupandikiza pete za kaboni juu ya karatasi, kwa wepesi wa karibu mara kumi kuliko matabaka mawili au zaidi. Kwa hiyo kusema kwamba "grafini" imerekebishwa kwa njia fulani, bila kutaja upana wa vipande na idadi ya matabaka, ni kutosema jambo lolote linaloweza kurudiwa na mtafiti mwingine.

Njia za kurekebisha na gharama zake

Njia kongwe na iliyoenea kuliko zote ni ya oksijeni. Mwaka 1859 mkemia Mwingereza Benjamin Brodie alikipasha joto kinywe pamoja na klorati ya potasiamu na asidi ya nitriki yenye kufuka moshi, akapata dutu mpya yenye oksijeni na hidrojeni. Na mwaka 1958 Wamarekani William Hummers na Richard Offeman wakachapisha njia ya haraka zaidi ambayo, ikiwa na marekebisho, ndiyo inayotumika mpaka leo. Kwa gramu 100 za kinywe wao walitumia lita 2.3 za asidi ya salfuriki, gramu 50 za naitreti ya sodiamu na gramu 300 za pamanganeti ya potasiamu, na tarakimu hizo zinafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba kutoka kinywe hadi oksidi ya grafini ni hatua moja ya bei rahisi. Asidi huingia kati ya matabaka na kuyatanua, pamanganeti hupandikiza oksijeni, na maji humalizia kwa kuyatenga matabaka hayo yaliyokwisha kuacha kushikana. Kwa mujibu wa kielelezo cha wakemia Lerf na Klinowski cha mwaka 1998, ambacho bado ndicho kinachokubalika zaidi, juu ya bapa hukaa vikundi vya haidroksili, yaani oksijeni yenye hidrojeni, na vya epoksidi, yaani oksijeni iliyokaa juu ya kaboni mbili kama daraja, wakati vikundi vya kaboksili, ambavyo hutoa tabia ya asidi, hukaa zaidi kwenye kingo.

Waswahili husema usione vyaelea, vimeundwa, na oksidi ya grafini huelea majini kwa sababu imeundwa upya: vikundi vyake vya oksijeni hupoteza hidrojeni ndani ya maji vikabaki na chaji hasi, na karatasi zenye chaji ya aina moja husukumana badala ya kurundikana. Kwa ununuzi huo malipo ni makubwa. Katika oksidi ya kawaida kuna takriban atomi moja ya oksijeni kwa kila atomi mbili za kaboni, wingu la elektroni limeraruka vipande vipande, umeme haupiti, na ugumu uliopimwa kwa tabaka moja hushuka kutoka gigapaskali 1,000 hadi takriban 200. Dutu hiyo bado ni imara na ina kazi nyingi, lakini anayeitia ndani ya plastiki na kuandika kwenye lebo kwamba plastiki hiyo ina "nyenzo imara kuliko zote duniani" anamnukuu mtu ambaye hayumo katika chumba.

Njia ya pili haifungi kifungo cha kudumu. Molekuli bapa zenye pete za kaboni, kama pireni, hulala juu ya karatasi na kushikiliwa na mvutano kati ya mawingu ya elektroni, na mkia wa molekuli hiyo ndio unaobeba kikundi kinachotakiwa, kiwe cha kupenda maji au cha kunasa protini. Wingu la grafini halitobolewi, kwa hiyo njia hii huwafaa watengenezaji wa vihisio, ambavyo hutegemea mabadiliko madogo ya umeme; gharama yake ni kwamba kilicholala kinaweza kuamka, yaani molekuli huweza kung'oka kwa kuoshwa, kwa kubadilika kwa kimiminika au kwa kusukumwa na protini za damu. Mfano mzuri wa kuziunganisha njia hizi mbili ulitoka katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2008, ambapo kundi la Hongjie Dai lilichukua vipande vidogo vya oksidi ya grafini, likafunga kwa kudumu polima ipendayo maji kwenye kaboksili za kingo, kisha likalaza juu ya bapa dawa ya saratani iitwayo SN38, ambayo yenyewe haiyeyuki majini. Kila kundi la atomi lilipewa mahali pake na kazi yake: ukingo ulipewa kifungo kigumu kwa sababu polima haikutakiwa kung'oka, na bapa likapewa mshiko mwepesi kwa sababu dawa ilitakiwa kung'oka mwishoni. Ustadi katika fani hii huonekana katika mgawanyo kama huo kuliko katika wingi wa vitu vilivyofungwa.

Njia ya tatu ni kuchopeka atomi ngeni ndani ya karatasi yenyewe, mahali pa kaboni, kama vile naitrojeni yenye elektroni moja zaidi au boroni yenye elektroni moja pungufu, ili kubadilisha wingi wa elektroni katika wingu. Na njia ya nne ni kuacha kabisa kukata kutoka juu na badala yake kujenga kutoka chini. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya Empa nchini Uswisi, pamoja na wenzao wa Mainz, Ujerumani, walizipasha joto molekuli ndogo zenye bromini juu ya dhahabu: kwa nyuzi 200 zikaungana kuwa mnyororo, na kwa nyuzi 400 zikapoteza hidrojeni na kuwa utepe wa grafini ambao upana wake, uliohesabiwa kwa atomi, haubadiliki kutoka mwanzo hadi mwisho. Utepe mwembamba hivyo huwa na tabia ya nusu-kipitishi, yaani unaweza kuwashwa na kuzimwa, jambo ambalo karatasi pana hailiwezi. Gharama hapa si uharibifu bali ni uchache, kwa kuwa kinachopatikana hukaa juu ya kipande cha dhahabu katika ombwe, wala hakipimwi kwa kilo.

Dhana zinazopotosha

Dhana ya kwanza inayostahili kusahihishwa ni ile inayodai kwamba oksidi ya grafini ikiondolewa oksijeni hurudi kuwa grafini. Oksijeni huondolewa kwa hidrazini, ambayo ni sumu, kwa vitamini C, au kwa joto kali, na karatasi huanza tena kupitisha umeme kwa kiwango kinachopita cha oksidi kwa mara maelfu. Lakini sehemu ya oksijeni haiondoki peke yake, bali hutoka ikiwa imeishika kaboni, katika umbo la gesi za kaboni monoksidi na kaboni dioksidi, na kila molekuli ya gesi inayotoka huacha tundu ambalo hakuna kemikali ya kulishona. Hata kwa hidrazini hubaki takriban oksijeni moja kwa kaboni kumi. Dutu hiyo inastahili jina lake lenyewe na sifa zake zenyewe, kwa sababu hicho ni kitu cha tatu, si kinywe, si grafini, na kina manufaa yake katika wino wa umeme na elektrodi za betri ambako matundu hayo si hasara kubwa.

Dhana ya pili ni kwamba kilichofungwa juu ya karatasi kimefungwa kwa sababu tu kipimo kimeonyesha kuwa kipo. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick walionyesha kwamba oksidi ya grafini ikioshwa kwa alkali huachia sehemu isiyo ndogo ya uzito wake katika umbo la vipande vidogo vilivyooksidishwa sana, ambavyo vilikuwa vimenata tu juu ya karatasi kubwa. Tafsiri ya matokeo hayo imebishaniwa tangu wakati huo, lakini onyo lake linabaki: mtafiti anayedai kuwa amefunga protini au dawa kwenye kaboksili za karatasi huenda ameifunga kwenye takataka iliyonata, au hakuifunga kabisa bali ameilaza, na katika hali zote mbili chombo cha kupimia kitatoa jibu lilelile. Anayetaka kujua tofauti sharti aoshe, apime tena, na alinganishe na sampuli ambayo iliwekewa kila kitu isipokuwa kemikali ya kufungia.

Dhana ya tatu ni kwamba kila atomi inayochopekwa ina kipaji maalumu. Kwa zaidi ya mwongo mmoja majarida yalijaa ripoti za grafini yenye naitrojeni, boroni, salfa, fosforasi, au mchanganyiko wao, kila moja ikidai kuwa kichocheo bora kisicho na metali. Kundi la mkemia Martin Pumera lilikwisha kuonyesha mwaka 2013 kwamba baadhi ya vichocheo hivyo "visivyo na metali" vilikuwa na mabaki ya manganizi na metali nyingine, yatokanayo na pamanganeti na kinywe chenyewe, na kwamba mabaki hayo ndiyo yaliyokuwa yakifanya kazi iliyosifiwa. Mwaka 2020 kundi hilo, likiwa Prague, lilitia chumvi katika kidonda kwa kuichoma oksidi ya grafini pamoja na kinyesi cha ndege, ambacho kina naitrojeni, fosforasi na salfa kwa pamoja, na kupata kichocheo kilichoshinda grafini isiyotiwa kitu. Kejeli hiyo ilikuwa na maana ya kisayansi: ikiwa chochote kinachotiwa huleta nafuu kidogo, basi nafuu hiyo haithibitishi nadharia ya yeyote, na linaloulizwa si kama kichocheo kimekuwa bora kuliko karatasi tupu, bali kama kinashinda platini au chuma ambavyo vingetumika mahali pake.

Dhana ya nne ina sura mbili zinazogombana, moja ikisema grafini ni sumu na nyingine ikisema ni kaboni tu kama makaa. Mwaka 2021 uvumi kwamba chanjo za UVIKO-19 zilikuwa na oksidi ya grafini ulienea katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, ingawa dutu hiyo haimo katika viambato vya chanjo hizo. Na mwaka huohuo, mwezi Aprili, Wizara ya Afya ya Kanada iliwashauri watu wasivae barakoa zenye grafini hadi ijulikane kama chembe zake huvutwa mapafuni, kisha mwezi Julai ikaruhusu baadhi ya aina zilizochunguzwa zirudi sokoni. La kwanza lilikuwa uzushi, la pili lilikuwa tahadhari ya kawaida, na mwenye kuyachanganya hupotea pande zote mbili. Ukweli ni kwamba madhara hutegemea upana wa vipande, usafi wake na kilichofungwa juu yake. Kimeng'enya cha mieloperoksidesi, ambacho hutolewa na seli nyeupe za damu, kilionyeshwa mwaka 2015 kuwa kinaweza kuisaga oksidi ya grafini iliyotawanyika vizuri majini, lakini hushindwa na ile iliyoganda pamoja. Na mwaka 2024 ilichapishwa kazi ya Edinburgh na Manchester ambamo watu 14 wa kujitolea walivuta hewa yenye vipande safi na vyembamba vya oksidi hiyo kwa saa mbili bila kuonekana madhara ya papo hapo. Saa mbili si maisha ya mfanyakazi wa kiwandani, na vipande safi vya maabara si vumbi la sokoni, kwa hiyo matokeo hayo ni hatua ya kwanza, wala si cheti.

Maji kama mtihani

Hakuna mahali ambapo mantiki ya kubadilishana inaonekana wazi kama katika maji. Mwaka 2012 watafiti wa Manchester walionyesha kwamba utando uliotengenezwa kwa kulaza karatasi za oksidi ya grafini moja juu ya nyingine huzuia hata heliamu ukiwa mkavu, lakini hupitisha mvuke wa maji kana kwamba haupo, na mara moja magazeti yakatabiri kwamba bahari itanyweka kwa bei rahisi. Utabiri huo ulisahau kwamba oksijeni ileile inayokaribisha maji huyakaribisha kupita kiasi: utando ukilowa huvimba, nafasi kati ya karatasi hupanuka hadi takriban nanomita 1.3, na ioni ya sodiamu, ambayo hata ikiwa imevikwa maji ina upana wa takriban nanomita 0.7, hupita bila kuguswa. Mwaka 2017 kundi hilohilo liliufunga utando kwa gundi ya epoksi ili usivimbe, likazuia asilimia 97 ya chumvi, na kama ilivyotarajiwa, njia zilipobanwa mtiririko wa maji nao ukapungua. Nchi za Ghuba, ambazo hutegemea sana maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, hazitabadilisha mitambo yake kwa ajili ya tarakimu ya kuzuia chumvi peke yake. Zitauliza ni lita ngapi kwa saa, kwa shinikizo gani, na kwa miaka mingapi.

Afrika Mashariki ina mtihani wake, ambao ni floridi. Katika Bonde la Ufa, hususan maeneo ya Arusha na Nakuru, vyanzo vingi vya maji vina floridi inayopita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na matokeo yake ni meno yenye madoa ya kahawia na, kwa wanaozidiwa, mifupa iliyopinda. Anayependekeza oksidi ya grafini kwa kazi hii sharti akumbuke kwamba floridi ina chaji hasi na karatasi hiyo ina chaji hasi pia, kwa hiyo karatasi tupu huisukuma badala ya kuinasa. Karatasi hiyo hufaa tu inapovikwa metali kama alumini au zirkoniamu, ambazo huishika floridi kwa nguvu, na hapo kinachofanya kazi ni metali, huku karatasi ikibaki kuwa uwanja mpana wa kuitandazia. Urekebishaji huo una mantiki, lakini mshindani wake ni mkaa wa mifupa, ambao umefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha na ambao hutengenezwa kwa mifupa ya ng'ombe na tanuri. Mpaka karatasi yenye alumini iushinde mkaa huo kwa gharama ya kila lita, kwa urahisi wa kuifufua baada ya kushiba, na kwa uhakika kwamba alumini haivuji majini, itabaki kuwa makala ya jarida.

Kinachopasa kufanywa

Tiba ya kwanza ni ya majina. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Viwango lilichapisha istilahi zinazoweka mpaka: tabaka moja ni grafini, mawili ni grafini ya matabaka mawili, matatu hadi kumi ni grafini ya matabaka machache, na zaidi ya hapo si grafini. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa na watafiti wa Singapore na kuchapishwa mwaka 2018, uliopima bidhaa za wazalishaji 60, ulikuta kwamba nyingi zilikuwa na chini ya asilimia 10 ya grafini na hakuna iliyopita asilimia 50, ikimaanisha kwamba wanunuzi wengi walikuwa wamenunua unga wa kinywe kwa bei ya grafini. Kwa nyenzo iliyorekebishwa, lebo inapaswa kwenda mbali zaidi na kutaja mambo manne: upana na matabaka ya vipande, uwiano wa kaboni na oksijeni au wa kitu kingine kilichofungwa, mahali kilipofungwa kwa kadiri panavyojulikana, na kiasi cha metali kilichobaki. Vipimo vya mambo hayo vipo. Spektroskopia ya Raman, ambayo huangaza leza juu ya sampuli na kusoma mwanga unaorudi, huonyesha kwa urefu wa kilele kimoja jinsi karatasi ilivyotobolewa, na eksirei zinazong'oa elektroni husema ni atomi zipi zilizopo na zimeshikana na nani.

Tiba ya pili ni ya nidhamu ya majaribio: kila dai la kufunga liambatane na sampuli isiyofungwa iliyooshwa vilevile, na kila dai la ubora lilinganishwe na mkaa amilifu wa kawaida, ambao mara nyingi ndio mshindani wa kweli ingawa hauna jina la kuvutia. Tiba ya tatu ni ya usanifu, nayo ni kuanza na matumizi na kurudi nyuma hadi kwenye kifungo kidogo kabisa kinachotosha, kwa kuwa anayehitaji umeme hapaswi kutoboa wingu pale ambapo kulaza molekuli kungetosha, na anayehitaji kutawanya vipande majini huenda akatosheka na kingo tu. Tiba ya nne ni kuhesabu maji machafu, asidi na manganizi yanayobaki baada ya kila gramu, kwa sababu nyenzo ya kusafisha maji ambayo utengenezaji wake huchafua maji mengi kuliko inayoyasafisha haina utetezi.

Jambo hili linazihusu kwa karibu nchi zenye kinywe. Tanzania ina hazina kubwa ya madini hayo huko Mahenge wilayani Ulanga na katika mkoa wa Lindi, na Msumbiji inayachimba Balama katika jimbo la Cabo Delgado, na si nadra kusikika hoja kwamba mwenye kinywe ameshapata grafini. Hoja hiyo inafanana na kusema kwamba mwenye mchanga ameshapata kompyuta. Thamani haimo katika tabaka, ambalo maumbile yamelirundika bure, bali katika udhibiti wa kifungo, na udhibiti huo hudai maabara za kupima kuliko mitambo ya kuchimba. Hatua yenye busara kwa vyuo vikuu na mashirika ya viwango ya kanda hii ni kujenga kwanza uwezo wa kupima kwa pamoja, ili kinachoagizwa kutoka nje kwa jina la grafini kikaguliwe, na ili kinachotengenezwa ndani kisirudie makosa ambayo wengine wamekwisha kuyalipia.

Benjamin Brodie mwenyewe alikosea mwaka 1859. Tarakimu zake zilipokataa kuingia katika uzito wa kawaida wa kaboni, alidhani kaboni ya kinywe ina uzito wake wa pekee wa atomi, akaupa 33 na kuiita grafoni, na sayansi imelitupa wazo hilo. Lakini dutu ile ya rangi ya manjano iliyobaki ndani ya chombo hakuiita kinywe, wala hakuidai sifa za kinywe. Aliipa jina la asidi, kwa sababu ndivyo ilivyotenda mbele yake. Kosa lake lilikuwa la nadharia na lilisahihishika kwa vipimo bora, wakati kosa la leo, la kuiita grafini dutu ambayo imelipia sifa za grafini ili ipate nyingine, haliwezi kusahihishwa na chombo chochote mpaka waandishi wake wakubali kuisoma risiti.